Kifo Kilichoweza Kuzuilika: Ufungue Madai, Uende Polisi, Ulalamike au Mmalizane Nje ya Mahakama?

Dada yangu alifariki alfajiri kwa kutoka damu, chini ya saa tano baada ya kujifungua. Tulipopata nakala ya faili lake, baada ya kuliomba mara tatu kwa maandishi, wakili hakuanza na majina ya dawa wala ya daktari. Alitoa karatasi moja ya vipimo, akaiweka mezani na kuigeuza upande wetu. Saa 7:30 usiku, mapigo ya moyo 92. Saa 8:00, mapigo 112. Kisha mistari mitupu. Kipimo kilichofuata ni cha saa 10:40: mapigo 140, na shinikizo la damu limeandikwa "halisomeki". Wakili akapitisha kidole kwenye ile mistari mitupu akasema, "Kesi yenu iko hapa, pasipoandikwa kitu."

Wiki zile za msiba kila mtu alikuwa na ushauri wake. Mjomba alitaka polisi, yule muuguzi wa zamu akamatwe. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi wodini alisema tuandike kwa baraza linalosimamia taaluma. Shemeji, mume wa marehemu, hakuwa anataka kumfunga mtu wala kulipwa. Alitaka aambiwe kilichotokea. Na hospitali, kupitia kampuni yake ya bima, ikatuma ujumbe kwamba ingependa tukae pamoja tuyamalize. Hizo ni njia nne, na sisi tulikuwa tukibishana kana kwamba ni moja.

Mimi si wakili. Nimebeba faili la familia kwa miaka minne, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningetaka kuelezwa siku ya kwanza. Kila njia ina swali inalolijibu vizuri, na maswali mengine inayapita tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tutashinda?", kaeni kama familia muulizane mnataka nini hasa, kwa sababu tukio lilelile linaweza kushinda kwenye njia moja na kuanguka kwenye nyingine.

Jinai na madai, bega kwa bega

Kesi ya jinai si yenu. Maneno haya yalimchoma mjomba, lakini ndivyo ilivyo. Kwa kawaida anayeshtaki ni serikali, na mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama shtaka lipo, ni lipi, na liondolewe lini. Familia inaingia kama mashahidi. Hamlipi mawakili, na polisi wana uwezo ambao nyinyi hamna: wanaweza kuchukua vielelezo, simu, rekodi na watu. Kesi ya madai ni yenu. Mnaifungua, mnaigharimia, na mkichoka mnaweza kuiondoa.

Tofauti kubwa iko kwenye mizani. Katika jinai, kosa lithibitishwe bila kuacha shaka la msingi. Katika madai, mahakama inauliza tu upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mizani ikilala kidogo upande wenu, mmeshinda. Tena kwenye vifo vya uzembe jinai inapanda ngazi nyingine zaidi: mahakama za Uingereza, kwa mfano, hazimtii daktari hatiani kwa kosa la kuua kwa sababu tu alikosea. Lazima uzembe wenyewe uwe wa kupindukia.

Mfano unaojulikana zaidi duniani si wa hospitali, ila unaonyesha hesabu hii waziwazi. O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji ya watu wawili, aliachiwa huru katika kesi ya jinai mwaka 1995. Mwaka 1997, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na familia za waliouawa, baraza jingine la wazee wa mahakama lilimwona anawajibika kwa vifo vilevile, na fidia ikafikia dola milioni 33.5. Kwa hiyo mtu akikuambia "wameachiwa, basi hamna kesi", usimsikilize. Lakini usiishie hapo kwenye hadithi hiyo: Simpson alipofariki mwaka 2024, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa haijalipwa. Hukumu ni karatasi. Kabla ya kufungua madai, ulizia kama mdaiwa ana bima, ana mali, au ni taasisi ambayo itakuwepo miaka mitano ijayo.

Nchi nyingine hazikulazimishi kuchagua. Ufaransa, Ubelgiji na nchi zilizofuata mfumo wao, Kongo ikiwemo, familia inaweza kujiunga na kesi ya jinai kama upande wa madai, na hakimu yuleyule akaamua hatia na fidia kwa pamoja. Ni nafuu kwa gharama, na ushahidi wa serikali unawafaa na nyinyi. Hatari yake ni kwamba mmefunga jahazi lenu nyuma ya jahazi la mwendesha mashtaka, akisimama, mmesimama.

Kuna tofauti nyingine ambayo sikuiona kwenye maelezo yoyote niliyosoma mwanzoni, nayo ndiyo iliyobadili mawazo yetu. Jinai, katika hali nyingi, hutafuta mtu. Inataka jina la kuweka kwenye hati ya mashtaka. Madai yanaweza kuikamata taasisi nzima: kwamba iliweka wafanyakazi pungufu, haikuwa na damu akibani, haikuwa na utaratibu wa kumwita daktari. Nitalirudia hili.

Fidia ya kifo inahesabiwaje

Hapa watu wengi huumia moyo, kwa sababu mahakama haipimi thamani ya mtu. Inapima hasara ya waliobaki, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na ambalo linaweza kusikika kama tusi usipoandaliwa.

Historia yenyewe ni ya ajabu. Mwaka 1808 mahakama ya Uingereza ilimsikiliza mume ambaye mkewe alijeruhiwa gari la farasi lilipopinduka, akafariki kama mwezi mmoja baadaye. Jaji alisema kifo cha mtu si jambo la kudai fidia katika kesi ya madai. Mume akapewa fidia ya ule muda wa kati ya ajali na kifo, basi. Yaani kumjeruhi mtu kulikuwa ghali kuliko kumuua. Bunge lilikuja kulirekebisha mwaka 1846, na sheria ile ndiyo iliyozaa sheria za vifo vya ajali katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza. Ndiyo maana katika nchi hizo utakuta madai mawili yanatembea pamoja. La kwanza ni la wategemezi: walichokuwa wanakipata kwa marehemu na hawatakipata tena. La pili ni la mirathi: maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, na gharama. Mahakama huyaangalia pamoja ili fedha ileile isilipwe mara mbili.

Orodha ya wategemezi ya 1846 ilikuwa na mume, mke, mzazi na mtoto, na nchi kadhaa hazijaipanua sana. Mimi kaka mtu, niliyezunguka na faili miaka yote hiyo, simo. Sikulalamika, lakini ni vizuri kulijua mapema ili ndugu wasije wakagombana baadaye juu ya fedha ambazo kisheria si zao. Tena kwa dai la mirathi lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tulipoteza miezi saba kwa kutolijua hilo.

Hesabu yenyewe katika mkondo huo ni hivi: kipato cha mwaka, zidisha kwa idadi ya miaka ambayo mahakama inaona ni ya haki, kisha uchukue sehemu iliyokuwa ikienda kwa familia, ambayo kwa mtu mwenye watoto mara nyingi huwa theluthi mbili au zaidi kidogo. Mtu aliyekuwa akipata 1,000 kwa mwezi, akipewa miaka 15 na theluthi mbili, anafikia 120,000. Miaka hiyo si ile iliyobaki hadi kustaafu. Hupunguzwa kwa sababu fedha inalipwa yote kwa mpigo na maisha yana mengi. Ukiona wakili anaahidi miaka yote iliyobaki, muulize ameitoa wapi.

Dada yangu hakuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na biashara ndogo na watoto wawili, wa tatu ndiye aliyezaliwa usiku ule. Ni kosa kudhani mtu wa namna hiyo hana hesabu. Mahakama nyingi hukubali thamani ya kazi za nyumbani na malezi, ila mlete ushahidi: daftari la mauzo, miamala ya simu, jirani anayeweza kusema nani alikuwa akiwapeleka watoto shule, gharama mnayolipa sasa kwa kazi alizokuwa akizifanya yeye. Sisi tulipata daftari lake la mauzo chini ya godoro, lenye mabaki ya unga kwenye kurasa. Lilitusaidia kuliko barua zote tulizoandika.

Lakini kabla ya hesabu kuna kizingiti kinachoangusha kesi nyingi za hospitali. Kuthibitisha uzembe hakutoshi. Lazima mthibitishe kwamba bila uzembe ule, kwa uwezekano mkubwa, angepona. Upande wa pili utasema: "Tulikosea, ndiyo, lakini angekufa tu." Katika shauri moja la Uingereza la mwaka 2005, mgonjwa wa saratani aliyecheleweshewa uchunguzi alionyesha kwamba nafasi yake ya kupona ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Alishindwa, kwa sababu hata mwanzoni nafasi yake ilikuwa chini ya nusu. Kwa kutoka damu baada ya kujifungua hali ni tofauti: Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu upotevu wa mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 kuwa ni kuvuja damu kusiko kwa kawaida, dawa za kukaza mfuko wa uzazi zipo, na mama huyo kwa kawaida huokolewa akigunduliwa mapema. Ndiyo maana ile mistari mitupu ilikuwa na uzito. Hii ndiyo kazi ya shahidi mtaalamu, na ndiyo gharama msiyotakiwa kuibania. Mtaalamu mzuri akiwaambia mapema kwamba hamna kesi, amewaokoa.

Malalamiko kwa baraza, na uchunguzi wa kifo

Malalamiko kwa chombo kinachosimamia taaluma ni njia rahisi kuanza: mara nyingi barua na viambatisho vinatosha, bila wakili. Chombo hicho kinaweza kuonya, kusimamisha au kufuta leseni. Kwa kawaida hakiwapi fidia. Watu wengi hukidharau kwa sababu hiyo, na nadhani wanakosea.

Sisi tulilalamika kwa sababu rafiki yangu alisisitiza. Majibu ya muuguzi yalikuja kwa maandishi, kurasa mbili. Usiku ule alikuwa peke yake zamu, na wazazi kumi na saba. Alimpima dada yangu saa 8:00, akaona mapigo yamepanda, akapiga simu mara mbili kwa daktari wa zamu bila kupokelewa, kisha akaitwa chumba cha pili ambako mama mwingine alikuwa akijifungua mapacha. Mjomba alisoma kurasa zile kimya. Hakutaja polisi tena. Na wakili akabadilisha jina la mdaiwa: hatukumdai muuguzi, tukaidai hospitali.

Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu au afisa maalumu, pale sheria inapouruhusu, ndio unaolijibu swali la shemeji: nani, wapi, lini na vipi. Haumpi mtu fedha wala haumfungi, lakini mashahidi wanaapishwa na kuulizwa hadharani. Unaweza pia kukosea, na kukosea kwake hukaa muda mrefu. Familia za mashabiki wa Liverpool waliobanwa uwanjani Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, ambao idadi ya vifo vyao leo ni 97, ziliambiwa mwaka 1991 kwamba ilikuwa ajali. Familia hazikukubali. Uamuzi ule ulifutwa mwaka 2012, na mwaka 2016 baraza jipya la wazee wa mahakama likasema waliuawa kinyume cha sheria. Hata baada ya hapo, aliyekuwa kamanda wa polisi siku ile alishtakiwa kwa jinai na kuachiwa mwaka 2019. Ukweli ulipatikana kwenye mlango mmoja, adhabu haikupatikana kwenye mwingine.

Hapa ndipo uchunguzi wa maiti unapoingia. Najua uzito wake, na najua haraka ya kuzika. Ila ukizika bila chanzo cha kifo kuthibitishwa kitaalamu, unaupa upande wa pili uwanja wa kusema chochote.

Kumalizana au kwenda hadi hukumu

Kumalizana si kushindwa. Kesi nyingi za madai huishia hapo, na kuna mambo mapatano yanaweza kutoa ambayo hakimu hawezi: maelezo ya maandishi, kuomba radhi, mabadiliko ya utaratibu wodini. Hakimu atakupa kiasi. Hatamwagiza mtu aje nyumbani kusema pole. Hospitali nyingi huogopa kuomba radhi zikidhani ni kukiri kosa. Uingereza ilibidi itunge kifungu mwaka 2006 kusema wazi kwamba kuomba radhi, peke yake, si kukubali uzembe. Mapatano pia hayana rufaa. Hukumu mnaweza kuipata leo na kuipigania miaka mingine mitatu.

Kibaya cha mapatano ni kwamba yanafunga mlango, na mlango ule haufunguki. Baada ya gesi ya sumu kuvuja Bhopal, India, mwaka 1984, serikali ya India na kampuni iliyohusika walikubaliana mwaka 1989 kwa dola milioni 470 kwa ajili ya waathirika wote. Idadi ya waliofariki na walioumia ikaonekana kuwa kubwa kuliko iliyodhaniwa. Serikali ikarudi kuomba nyongeza, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya India ikakataa. Kama serikali nzima haikuweza kuufungua mlango ule, sisi na faili letu la rangi ya kahawia tungeweza?

Hati ya kwanza tuliyoletewa na bima ilikuwa ya ukurasa mmoja, siku ya kumi na nane baada ya maziko. Ilisema shemeji, "kwa kupokea kiasi kilichotajwa", anafunga madai yote "yanayojulikana na yasiyojulikana" dhidi ya hospitali, wafanyakazi na bima, na hatalalamika "mbele ya chombo chochote". Wakili alipigia mstari maneno mawili tu: yasiyojulikana, na chochote. Wakati ule hatukuwa na faili, hatukuwa na maelezo ya muuguzi, hatukuwa na mtaalamu. Tulikuwa tunaombwa kuuza kitu tusichokijua. Kiasi chenyewe kilikuwa karibu theluthi moja ya tulichokuja kukubaliana miaka minne baadaye.

Angalia pia watoto. Katika nchi nyingi, mapatano yanayogusa haki ya mtoto mdogo hayana nguvu mpaka mahakama iyaidhinishe, na sehemu yake huwekwa mahali salama hadi akue. Anayewaambia hilo halina haja ana haraka yake.

Kuna nchi zilizoondoa sehemu kubwa ya mvutano huu. New Zealand tangu 1974 ina mfuko unaolipa walioumia kwa ajali bila kumtafuta mkosaji, na kwa kubadilishana, huwezi kushtaki kudai fidia ya jeraha la namna hiyo. Malipo huja haraka, ila mtu anayetaka kumsikia daktari akihojiwa kizimbani hapati hilo kwa urahisi.

Muda, na wakili

Njia hizi zinaweza kwenda pamoja, lakini saa inayokatika ni ya madai. Uingereza ni miaka 3 tangu kifo au tangu mlipojua chanzo. Kwa kifo ndani ya ndege ya kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 ni miaka 2, na haiongezwi. Marekani, anayeidai serikali kuu kwa uzembe lazima kwanza apeleke dai kwa idara husika ndani ya miaka 2. Na mahali pengi, mdaiwa akiwa serikali au hospitali yake, muda hufupishwa au hutakiwa notisi kabla ya kushtaki. Kosa ninaloliona kila mara ni familia kusubiri polisi wamalize, au mazungumzo na bima yaishe. Upelelezi hausimamishi saa. Mazungumzo nayo hayaisimamishi, isipokuwa mmeandikiana hivyo.

Kuhusu wakili nitasema kwa ufupi. Marekani ni kawaida alipwe asilimia ya fidia, mara nyingi theluthi, na msiposhinda hamumlipi ada. Nchi nyingine zinakataza kabisa utaratibu huo. Muulize pia nani anabeba gharama za upande wa pili mkishindwa, maana Uingereza na nchi za mkondo wake aliyeshindwa kwa kawaida hulipa, na hilo ndilo linaloweza kuifilisi familia. Ningemchagua aliyewahi kusimamia kesi ya hospitali hata kama ofisi yake ni ndogo, kuliko mwenye jina kubwa la kesi za ardhi.

Kama ningeanza upya leo: barua ya kuomba nakala ya faili wiki ya kwanza, uchunguzi wa maiti kabla ya kuzika, tarehe ya ukomo ikiandikwa mahali pa wazi, usimamizi wa mirathi mara moja, malalamiko kwa baraza mapema, taarifa ya mtaalamu, kisha ndipo nikae na bima. Polisi ningewapelekea kama kuna dalili za kughushi kumbukumbu, kulewa kazini au kumtelekeza mgonjwa kwa makusudi. Kwa uzembe wa mfumo, nisingeanzia huko.

Tulimalizana mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Shemeji alikuwa na sharti moja nje ya fedha: barua ya maelezo ya kilichotokea usiku ule, yenye sahihi ya mkuu wa hospitali. Ililetwa, kurasa tatu. Zamu ya mtu mmoja imo, simu mbili zisizopokelewa zimo, saa mbili na dakika arobaini zimo. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama jina la yule muuguzi limeandikwa mahali. Nikamwambia halimo. "Afadhali," akasema, akaikunja na kuirudisha ndani ya bahasha.